Kumi Hadi Moja: Raha na Karaha za Mwenye Mashua ya Mbao

Ukitaka kumtambua mwenye chombo cha mbao katika pwani ya Tanga, kuanzia Moa kule mpakani hadi Kipumbwi kusini mwa Pangani, msalimie asubuhi. Mwenye boti ya faiba atakuitikia palepale. Wa mbao atatazama kwanza nanga yake, halafu anga, halafu ngama, ndipo akuitikie. Usimchukie, hana kiburi. Ana mgonjwa, ana mtoto na ana mchumba, na wote watatu wameegeshwa mahali pamoja.

Haya ndiyo mambo kumi yanayomfanya asilale na asikubali kuuza. Tunaanza na la kumi, lile dogo.

10. Chombo kinakunywa

Mbao ina kiu. Mashua ikikaa juu kwa majuma mawili matatu ya kaskazi, jua likiipiga ubavuni, mbao zinasinyaa na maungio yanaachana. Ukiishua siku hiyo maji yanaingia kila upande, na mgeni wako wa kutoka bara anaanza kupima kwa macho umbali wa kurudi ufukweni. Mpe upo, afue maji. Kazi inaondoa hofu. Baada ya siku moja au mbili mbao zinavimba, zinabana pamba ya kalafati, na ngama inatulia.

Jirani yangu wa faiba haachi kuniuliza, "Bwana, chombo chako bado kinavuja?" Hakivuji, ndugu yangu, kinakunywa. Chako tangu kizaliwe hakijaonja bahari.

9. Kila aliyekaa chini ya mkungu ni mkaguzi

Nunua faiba, watu watakuuliza bei. Nunua mashua, watu watakuambia makosa yake. Penye bandari yoyote ndogo, Sahare, Kigombe, Ushongo, kuna mti, na chini ya mti kuna wazee wanaoshona nyavu na kukagua vyombo vya wenzao bila kunyanyuka.

"Mwanangu, taruma lako la tatu limechoka."

"Shikamoo, mzee. Umelionaje ukiwa umekaa huko?"

"Marahaba. Sijaliona. Nimelisikia jana ulipokuwa ukiingia."

Rudi ukalikague hilo taruma. Limechoka kweli. Ushauri huu hautozwi hata shilingi, na malipo yake ni kwamba utaambiwa tena wiki ijayo, mbele ya watu.

8. Mdudu

Hapa utani unapungua kidogo, maana huyu ndiye adui. Wengi tunamwita mdudu tu, na ukimwona ndani ya ubao utasema ni mnyoo. Wataalamu wa bahari wanamweka katika ukoo wa chaza na kombe: ana magamba mawili madogo kichwani, na hayo ndiyo anayotobolea. Anaingia kwenye ubao akiwa mdogo kiasi cha kutoonekana, kisha anakulia humohumo. Nje unaona tundu la sindano, ndani kuna mtaro unaopitisha kidole. Unaweza kuipaka mashua rangi, ukaisifu, ukapiga nayo picha, kumbe umepaka rangi juu ya nyumba ya mtu.

Hachagui dini wala taifa. Columbus, katika safari yake ya nne, aliliwa meli zake na mdudu huyu hadi akalazimika kuzipandisha ufukweni Jamaika mwaka 1503, na hapo akakaa mwaka mzima akisubiri msaada. Angekuwa na fundi wa Pangani angeambiwa mapema: jahabu chombo, bwana mkubwa.

Kujahabu ndiyo dawa ya pwani yetu, nayo inafanya kazi hadi leo. Unangoja bamvu, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapopanda kabisa. Unaingiza mashua juu kadiri maji yanavyoruhusu, yakikupwa inabaki mchangani, unailaza ubavu. Kwanza ni kukwangua: majani ya bahari, makombe madogo yaliyoganda, uchafu wa miezi. Halafu makuti makavu yanafungwa mafungu, yanawashwa, na moto unapitishwa chini ya tumbo lote la chombo. Fundi mzuri anajua pa kutua na pa kukimbia. Moto ukizidi unaunguza kalafati; ukipungua, mdudu anaota moto tu na kukushukuru. Ubao ukishapoa unapakwa shahamu, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kila mahali panapokaa chini ya maji. Kisha mnageuza upande wa pili, na saa zinakwenda, kwa sababu bahari itarudi kwa ratiba yake, umemaliza au hujamaliza.

Ukizembea awamu moja, utalipa mbao. Ukizembea mbili, utalipa mkuku. Hapo sina utani wa kuongeza.

7. Harufu ya sifa

Mafuta ya ini la papa, sifa, ndiyo yaliyolinda mbao za juu katika bahari hii kwa vizazi. Yanaingia ndani ya ubao, yanazuia jua na chumvi, na yanaingia pia katika kanzu, nywele na ndoa. Ukipaka sifa Alhamisi, Ijumaa safu yako msikitini ina nafasi. Ukihudhuria harusi Ngamiani, hakuna atakayekuuliza unatoka wapi.

Siku hizi papa wamepungua na sifa inapatikana kwa nadra, kwa hiyo wengi tunapaka rangi na mafuta ya dukani. Harufu imepungua. Naikumbuka kwa mapenzi kuliko mke wangu anavyoikumbuka, lakini papa wakiachwa waongezeke baharini nitakuwa wa kwanza kufurahi.

6. Kupwelewa

Bamvu likiwa kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba mahali ulipoacha chombo kikielea saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi utakikuta kimelala mchangani, na watoto wanacheza mpira kando yake. Mgeni anaona aibu. Sisi tunaona fursa: unazunguka chini yake kwa miguu, unapima kila ungio kwa kidole, unagonga misumari, wala hukulipa mtu. Bahari yenyewe imekunyanyulia na kukushushia.

Tena ukikwama kwenye fungu, usijione wa kwanza. Aprili 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama katika mafungu ya Mtangata, karibu na Tongoni yetu hii, kilomita chache kusini mwa mji wa Tanga. Walishusha nanga, wakakaa kungoja. Maji yakajaa, meli ikaelea, wakaendelea zao Mombasa. Walitoka Ureno kote kule kuja kupwelewa Tongoni, na wakatoka kwa dawa ileile anayoijua mtoto wa darasa la pili wa Mwarongo: tulia, maji yanarudi.

Meli hiyo tutakutana nayo tena kwenye namba mbili. Mwisho wake una funzo kwa kila mwenye chombo.

5. Mafuta yetu hayapandi bei

Jirani wa faiba anatia petroli kila alfajiri na kila alfajiri anaguna. Sisi tunatia upepo. Umande unavuma kutoka bara kabla ya jua, unatutoa nje taratibu. Mchana upepo wa bahari unaamka na kuturudisha nyumbani na samaki. Mtu aliyewahi kutoka mlango wa Pangani kwa umande, tanga limejaa, hakuna sauti isipokuwa maji yanayochanwa na hanamu, huyo humwambii kitu kuhusu mashine.

Lakini upepo ni bosi, na bosi ana misimu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inakupeleka kusini. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, inakusukuma kaskazini, na mkondo wa bahari nao unakimbilia kaskazini pamoja nayo. Sasa wewe una shehena ya machungwa ya Muheza unayotaka kuifikisha Mkokotoni mwezi wa Julai. Bisha, bwana, bisha! Kila unapogeuza, foromali lazima lihamishwe mbele ya mlingoti, mabaharia wanavuta, tanga linapiga, nahodha anapaza sauti, na baada ya saa nzima minazi uliyoiacha bado inakutazama. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na waliosema hivyo bila shaka walikuwa wakienda Unguja na kusi usoni.

Misimu hii ndiyo iliyoijenga pwani yetu. Desemba 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait kule Aden, akashuka nalo kwa kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, akarudi nalo Ghuba kwa kusi ya 1939 likiwa limejaa boriti za mikoko. Hakuna aliyetia mafuta. Babu zetu walifanya safari hizo kila mwaka na wakapata nafasi ya kuoa njiani.

Basi ndiyo, wengi wetu sasa tumepachika mashine nyuma. Ni kwa dharura. Dharura zenyewe zimekuwa nyingi, nakubali, hasa Julai.

4. Karatasi

Ukaguzi wa usalama wa chombo unaofanywa na TASAC, leseni ya uvuvi ya halmashauri, kikao cha BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe. Mwenye chombo analalamika foleni, nami nasema panga foleni. Tanga iliwahi kusikika vibaya kwa uvuvi wa baruti, matumbawe yakavunjwa kwa miaka mingi, na mlio ulipungua pale serikali na vijiji walipoamua kujua kila chombo ni cha nani. Na majaketi ya kuokolea yasikae nyumbani yakitumika kama mito. Bahari kati ya Unguja na Pemba ilimeza MV Spice Islander I Septemba 2011, na hiyo ilikuwa meli ya chuma. Mbao zetu zinaelea, lakini mtu haelei saa nyingi.

3. Mti ulikuwa wapi?

Mashua inaanza kuwa mashua ikiwa bado msituni. Mvule na mbambakofi kwa mbao zitakazokaa majini, mkoko kwa sehemu zinazobeba mzigo, na kwa mataruma fundi anatafuta tawi lililojipinda lenyewe: la mwembe, la mfenesi, la mkorosho. Ubao ulionyooka ukikatwa kwa msumeno upate mpindo, nyuzi zake zinakatika na nguvu inaondoka. Tawi lililokua limepinda lina nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo sababu fundi wa vyombo akipita uani kwa watu haangalii embe. Anaangalia mpindo. Anauzunguka mti mara mbili, anakohoa, anaulizia afya ya mwenye nyumba, anasifu kuku. Ni posa kamili, na mwenye nyumba mjanja anajua kinachotakwa kabla ya kahawa kumwagwa kikombeni.

Karaha ni kwamba miti ya kuposwa inakwisha. Ngalawa inataka gogo moja zima la mwembe mkubwa, na mwembe wa namna hiyo ulipandwa na mtu asiyejua atakayeutumia. Miti ya asili ya msituni inahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu, na ni haki ihitaji, kwa sababu tulikata sana na tulipanda kidogo. Ukipanda gari kwenda Amani unapita shamba la mitiki la Longuza, safu kwa safu, la serikali. Ukitazama safu zile unaelewa kwamba mbao ni jambo la kupangwa miaka hamsini mbele. Mimi ningependa kila kijiji chenye bandari kiwe na miembe na mifenesi yake ya mataruma, iliyopandwa kwa makusudi. Mwenye chombo akijahabu, apande mti. Hata mmoja.

Wenzetu wa Lamu walijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 walishua Flipflopi, jahazi dogo la plastiki iliyookotwa, lililofunikwa ndala kuukuu za rangi zote, na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Jirani yangu wa faiba alishangilia sana. "Unaona? Mbao zimekwisha kazi!" Nikamuuliza ni nani aliyelijenga. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mjenzi wa majahazi ya mbao, mtoto wa ufundi huo huo. Plastiki ilikuwa pale miaka yote. Ilipotakiwa ielee vizuri, ikaitiwa mtu wa mbao.

2. Siku ya kushua

Faiba inashushwa kwa trela na watu watatu, na mmoja wao anapiga simu. Mashua ya mbao inashuliwa na mtaa.

Habari inatangulia siku moja kabla: kesho maji ya mchana, chombo kinashuka. Asubuhi kuna ubani, kuna dua, kuna sufuria kubwa, na kuna watoto ambao leo hawakuonekana madrasa. Magogo yanapangwa, kamba inafungwa, na mtu mwenye sauti anachaguliwa aitikise kamba kwa wimbo, maana bila wimbo kila mmoja anavuta kwa saa yake. Wanaovuta ni wavuvi wa vyombo vingine, wauza samaki, dereva wa bodaboda aliyekuja kumshusha abiria akaambiwa shika hapa. Akina mama wana maoni juu ya namna ya kuvuta, na kamba ikikwama wanaingia na inakwamuka. Mzee wa chini ya mkungu anasimama kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Idi.

Jirani wa faiba huwa wa mbele kabisa kwenye kamba. Ukimuuliza anasema anafanya mazoezi.

Hapa ndipo ninaporudi kwa São Rafael. Januari 1499 Wareno walipita tena pwani hii wakirudi kutoka India. Kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma São Rafael moto palepale Mtangata, kwenye mafungu yaliyoishika mwaka uliotangulia. Walikuwa na chombo, walikuwa na mbao, walikuwa na tanga. Walikosa mikono.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mashua ya mbao inagharimu kiasi gani, naanza na mikono. Una watu wa kuvuta? Uliwahi kuvuta cha mwenzio? Siku uliposikia kengele ya kushua ukajifungia ndani, ulikuwa unapunguza bei ya chombo chako mwenyewe.

1. Fundi

Namba moja haina ushindani. Kuna mtu pwani hii, na anapatikana Pangani, anapatikana Nungwi ng'ambo, anayeweza kutazama rundo la magogo na kuona jahazi. Hana mchoro. Anaweka mkuku, anasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, anarudi hatua kadhaa, anafumba jicho moja, na kuanzia hapo kipimo kiko machoni. Tezo, msumeno, keekee, kamba iliyopakwa chaki. Ubao unapochongwa anauwekea mkono na kusema bado, anachonga tena, anaweka mkono, bado. Mara ya tano unakaa mahali pake, na ukijaribu kupitisha ukucha kwenye ungio haupiti.

Karaha yake kila mtu anaijua, nayo inaitwa kesho.

"Fundi, vipi kuhusu kalafati?"

"Kesho, inshallah."

"Ulisema kesho juzi."

"Na juzi mvua ilinyesha, mwanangu. Pamba haigongwi kwenye mbao iliyolowa. Unataka chombo au unataka tarehe?"

Nataka chombo, fundi. Nimesubiri, na kila niliposubiri chombo kilitoka kizuri kuliko pale nilipomharakisha mtu. Fundi wa kweli hawezi kukupa kazi mbovu kwa wakati. Mkono wake unakataa.

Kinachonikosesha usingizi ni mwanafunzi wake. Zamani kando ya fundi walikaa vijana wakisokota pamba, wakishika upande wa pili wa msumeno, wakikaripiwa hadi jicho likapata kipimo. Leo kijana huyo yuko kwenye bodaboda, na simlaumu: bodaboda inalipa jioni, tezo inalipa baada ya miaka. Kumlaumu hakujengi kitu. Kinachojenga ni kazi na malipo: sisi wenye vyombo tukiagiza ukarabati, tulipe na posho ya mwanafunzi, iandikwe kwenye hesabu pamoja na misumari. Vyuo vya ufundi vya mkoa vifungue mlango kwa fundi asiye na cheti awe mwalimu, aje na tezo yake. Halmashauri zinazokopesha wavuvi boti za faiba zitenge kidogo kwa banda la kujengea mbao, lenye paa, ili mvua isiwe tena wakili wa kesho.

Jirani yangu mwenyewe, boti yake ilipopasuka ubavu kwenye matumbawe, alizunguka mji mzima akitafuta wa kuiziba. Mwisho alikwenda kwa fundi wangu. Fundi akaitazama faiba kutoka mbele, akafumba jicho moja, akaipapasa, akasema imejengwa haraka lakini inatibika.

"Lini, fundi?"

"Kesho, inshallah."

Bamvu lijalo tunajahabu mashua yetu Kigombe. Makuti yapo, shahamu ipo, chakula kipo. Wenye mbao njooni na mikono, wenye faiba njooni na mazoezi yenu, na mwenye kijana anayependa kuchezea patasi amlete. Fundi amesema safari hii atakuwepo, na mzee wa mkungu amemshuhudia akisema hivyo.